Waya wa Rangi ya Majani

Kidole kikijikwaa hutoka damu, kikafungwa kitambaa, kikapona. Ulimi ukijikwaa, jeraha humpata mtu mwingine, tena ndani, ambako kitambaa hakifiki. Kimanzi alikuwa amelikariri jambo hilo shuleni. Alilielewa Jumamosi moja ya mwaka 2008 kule Kinoo.

Kijana huyu, aliyehitimu uhandisi mwaka uliotangulia, alikuwa ameunda kidhibiti cha joto cha mashine ya kuangulia vifaranga: kisanduku kidogo chenye kioo cha tarakimu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Nyakio, mfugaji wa kuku. Saa kumi alasiri, akina mama wa kikundi cha kanisa walifika kukitazama. Wakiridhika, kila mmoja angeagiza chake. Ndoto yote ya Kimanzi ilikuwa imo kisandukuni mle.

Siku mbili kabla, akiwa katikati ya jiji, alimwelekeza Mama Nyakio kwa simu jinsi ya kuunga nyaya tatu za kipimajoto ndani ya mashine. "Mwekundu juu, wa rangi ya majani chini kabisa, unaobaki katikati."

"Sawa, kijana wangu."

Sasa kioo kilionyesha nyuzi mia moja ishirini na saba chini ya sifuri, na taa za joto zilikataa katakata kuwaka.

"Kinoo kuna baridi," alisema Kanini, mwenyekiti wa kikundi, "lakini hiyo hata kwa friji ya bucha hakuna!"

Wakaangua kicheko. Kimanzi akabadilisha fyuzi. Tarakimu zile zile. Akaandika programu upya. Zile zile! Akachomeka kidhibiti kingine cha akiba. Zile zile, kana kwamba zinamzomea. Jasho likamtiririka kama maji.

"Kijana wangu, labda tutazame zile nyaya nilizo..."

"Nyaya nilikutajia mmoja mmoja!" alifoka. "Ama nyinyi watu wa kuku hamjui hata rangi?"

Kicheko kikakatika. Mama Nyakio alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha mashine. Chini kabisa palikuwa na waya wa kahawia.

"Mama, majani ni kijani!"

Mama Nyakio aliingia jikoni, akarudi na kopo, akamimina kiganjani majani ya chai, makavu, ya kahawia kama waya ule. "Ukienda dukani useme 'nipe majani', unapewa nini?"

Kimanzi akanywea. Asubuhi ile ile alikuwa amenunua pakiti ya majani. Alihamisha nyaya mbili. Kioo kikasoma nyuzi ishirini na mbili, taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mashine ni nzuri," Kanini alisema akichukua mkoba wake. "Lakini ikiharibika, si ni wewe tutapigia?"

Wenzake wakamfuata hadi langoni, wala hapana aliyeagiza.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini waya umeurudisha mahali pake kwa dakika mbili. Lile neno utalirudisha kwa bisibisi gani?"

Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.