Cherehani Zilizorudishwa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, palikuwa na chumba cha kazi chenye meza mbili zilizotazamana. Meza ya dirishani ilikuwa ya kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamusi. Ya mlangoni ilikuwa ya mdogo wake, Mama Pacha. Wote wawili walikuwa watafsiri wa kujitegemea, na riziki yao ilitoka kwenye vijitabu vya maelekezo: vya pasi, vya pampu za maji, vya mashine za kunyolea. Kwa miaka kumi na minne walilipwa kwa ukurasa, wala hawakujua bei ya namna nyingine.

Kamusi alikuwa bingwa, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa na masharti kama mganga. Hakuandika ila kwa kalamu ya wino mweusi, kwenye karatasi isiyo na mistari, na mtu akikikalia kiti chake asubuhi, basi siku hiyo imeharibika. Programu za kutafsiri zilipoingia, alizikataa kabla hajaziona.

Siku moja tajiri wao aliwaita dukani kwake. Alikuwa mama mmoja mwagizaji wa cherehani, na ndiye mteja pekee aliyebaki baada ya wengine kuhamia kwenye programu mmoja mmoja.

"Jamani, tusidanganyane," alisema. "Programu inanitafsiria kitabu kizima kabla chai haijapoa. Nyinyi mnataka elfu kumi kwa ukurasa. Kuanzia leo ni elfu mbili, mpitie tu ilichoandika."

"Kupitia!" Kamusi alifoka. "Yaani mimi nigeuke mfagizi wa mashine?"

"Basi nionyeshe ninacholipia, Mzee Kamusi. Kijitabu hiki hapa, siku kumi. Nisipoona tofauti, tuagane kwa wema."

Ndugu hao walielewa vizuri. Tajiri akiwaacha, chumba kinafungwa na ufundi wao unabaki hadithi. Kamusi alichukua kijitabu akaondoka bila kuaga. Mama Pacha yeye aliomba vitu viwili: tafsiri ya programu, na cherehani yenyewe.

Kaka yake alipomwona akiipandisha cherehani ngazini, alicheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu, lini mtafsiri akawa fundi nguo?"

"Mimi kitu nisichokishika sikielewi, kaka. Unanijua."

Ni kweli alimjua. Hata zamani Mama Pacha alipenda kuijaribu pasi kabla ya kuandika habari zake, ila muda ulimbana. Aliyelipwa kwa ukurasa hakulipwa kwa kuchezea pasi. Sasa kurasa zilikuwa zimekwisha kuandikwa na programu, na kwa mara ya kwanza akawa na siku nzima za kushika kitu mkononi. Alirekebisha sentensi zilizopinda, kisha akaketi kwenye cherehani na kufuata kijitabu hatua kwa hatua, kama mtu ambaye hajawahi kuona sindano.

Kamusi aliandika siku tisa. Haki isemwe: Kiswahili chake kilinyooka, hakuna neno lililokaa mahali pasipo pake. Ukikisoma unatamani kununua cherehani hata kama hujui kutunga uzi.

Siku ya kumi walikutana dukani. Nyuma ya kaunta zilipangwa cherehani kumi na nane zilizorudishwa na wateja, wote wakilalamika kwamba hazishoni, na tajiri alikuwa tayari kuamini kwamba kiwanda kimemtapeli. Alimwita fundi wa duka, akamketisha kwenye mojawapo, akampa kwanza kazi ya Kamusi.

"Funga sindano, upande wake bapa ukitazama kulia," fundi alisoma, akatii. Akakanyaga pedali. Mshono uliruka, uzi ukakatika. Alirudia, ukakatika tena.

Kisha akasoma ya Mama Pacha: upande bapa utazame nyuma. Fundi akageuza sindano. Mshono ukatoka umenyooka kutoka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho.

"Lakini kijitabu cha asili ndivyo kinavyosema!" Kamusi alilalamika.

"Asili ndiyo iliyokosea, kaka. Imeandikwa kwa cherehani ya aina nyingine, hii wakaibandikia tu. Nami nilikatikiwa na uzi siku mbili ndipo nikang'amua."

Tajiri alifungua tafsiri ya programu. Nayo ilisema kulia, na ndiyo waliyopewa wateja waliorudisha cherehani. "Kwa hiyo wewe na programu mmekosea pamoja, Mzee Kamusi," alisema. "Tena yenyewe imekosea kwa dakika moja, wewe kwa siku tisa."

Kamusi aliona aibu, na aibu ilimuuma zaidi kwa sababu hakukuwa na neno hata moja alilotafsiri vibaya.

"Haya, wewe nikulipe ngapi?" tajiri alimgeukia Mama Pacha.

"Elfu mbili siitaki, na elfu kumi siitaki tena. Ukurasa siku hizi hauna bei. Nilipe kwa kila aina ya cherehani, niijaribu mpaka ishone mikononi mwa mtu asiyewahi kushona."

Akataja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko malipo ya zamani. Tajiri alizitazama zile kumi na nane, akaguna, akampa mkono.

"Na kaka yako?"

"Kaka naye tuko pamoja. Hakuna anayeandika kama yeye. Ila itabidi akubali programu imtangulie, na ashike bisibisi."

Wote wakamgeukia Kamusi. Aliichomeka kalamu yake mfukoni, akakunja mikono ya shati.

"Sawa," alisema. "Lakini bisibisi ya aina gani?"

Fundi wa duka alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mama Pacha alichukua bisibisi ya kwanza iliyokuwa juu ya kaunta, kuukuu, mpini wake umefungwa utepe, akamkabidhi kaka yake mkononi.

"Hiyo hiyo, kaka. Mchagua jembe si mkulima."