Bodi ya Lori la Umuro

Wahenga waliosema ukiona vyaelea, vimeundwa, walikuwa wakiwaambia watu wavivu wa kuuliza. Maana yake ni kwamba kitu kizuri hakijitengenezi chenyewe. Nyuma yake kuna kichwa kilichowaza na mikono iliyochubuka. Watu wa Isiolo walikuwa wavivu wa namna hiyo hasa. Lori likipita walisema, "Mzungu ana akili," au, "Mjapani si mchezo," kisha wakaufunga mjadala. Hawakujua kwamba lori jipya lilifika likiwa uchi: kabini mbele, chesisi, yaani fremu ya chuma, nyuma, basi. Bodi ya kubebea mzigo iliundwa hapahapa nchini.

Mmoja wa waliounda bodi hizo alikuwa Kithinji, Mmeru mwenye karakana katika mtaa wa Bulla Pesa. Alikuwa stadi wa mbao, na tatizo lake ni kwamba alilijua hilo mno. Mwaka wa 1979, mfanyabiashara wa ng'ombe aitwaye Umuro alimletea lori lake la kwanza, pamoja na picha ya lori la Ulaya aliyoikata gazetini.

"Salaam aleikum, fundi," alisema. "Mimi nataka bodi kama hii. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

"Wacha wasiwasi," Kithinji akajibu. "Hutajua picha ni gani na lori ni gani."

Naye alitimiza. Alipigilia misumari, akakaza boliti, akabana kila pembe kwa chuma mpaka bodi ikawa ngumu kama mwamba. Kitu ambacho picha haikuonyesha ni barabara ya Gotu na mashimo yake. Katika safari ya kwanza ya kuleta ng'ombe kutoka malisho ya Korbesa, mbao zilipasuka kwenye pembe na fahali mmoja akatumbukiza mguu, ukavunjika, akachinjwa palepale kando ya njia. Kithinji akaongeza chuma. Safari ya pili, chuma nacho kikakatika, na lori likaingia mjini bodi ikiwa imefungwa kamba kama mgonjwa wa mbavu.

Umuro hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kithinji. "Fundi, nakupatia siku kumi," alisema. "Ikivunjika tena, napeleka Nairobi. Na kila mwenye ng'ombe hapa Isiolo nitamwambia asikuletee hata mlango."

Maji yalimfika shingoni. Jina la fundi likichafuka katika mji mdogo, ni heri afunge karakana na kurudi kwao kulima. Kithinji alikuwa ameketi akiikodolea macho bodi ile aliposikia mtu akicheka. Alikuwa Kabale, mamake Umuro, aliyekuja mjini na lori lilelile kutoka Korbesa. Alikuwa ameizunguka bodi mara mbili, akiipapasa kama anayepima afya ya ndama.

"Wewe mtoto wa Meru," alisema, "hii kitu umefunga kama mwizi. Itapumua namna gani?"

"Mama, hili ni gari," Kithinji akasema kwa adabu iliyoficha dharau. "Si ngamia."

"Gari inabeba. Ngamia inabeba. Na njia ni ile ile moja." Kabale akavuta kigogo akaketi. "Sisi wanawake ndio tunajenga nyumba, na tukihama tunafunga miti yote juu ya ngamia. Hakuna msumari. Tunafunga na ngozi. Ngamia ikienda hivi, miti inaenda na yeye. Ngamia yangu imebeba nyumba miaka mingi, hakuna mti imevunjika."

Kithinji aliitazama bodi tena. Aliona aibu, kisha akaona mwanga. Tatizo halikuwa udhaifu wa bodi bali ukaidi wake. Chesisi ilijipinda kwenye mashimo, na bodi ikakataa kwenda nayo. Akatia kiburi chake mfukoni.

"Ayo," alisema, akitumia neno la Kiborana la kumwita mama, "nifundishe."

Kwa siku saba walifanya kazi pamoja. Kithinji aling'oa chuma chote cha pembeni. Aliilaza bodi juu ya magogo mawili ya mti mgumu yaliyovishwa mpira wa matairi chakavu, akaishikiza kwenye chesisi kwa boliti ndefu zenye springi. Kabale alizisuka pembe zote nne kwa kamba za ngozi mbichi, na zilipokauka na kukaza, akazipaka mafuta ili mvua isizilegeze. Wapita njia walivunjika mbavu kwa kicheko. "Lori limevaa kandambili za ngozi!" walisema. Kabale aliendelea kupaka mafuta.

Siku ya kumi, lori liliondoka Korbesa na mafahali kumi na sita. Kithinji alipanda juu ya bodi, roho mkononi. Walipofika laga moja, mkondo wa mto mkavu, kabla ya Gotu, gurudumu la mbele lilizama huku la nyuma likinyanyuka. Bodi ikalia kwii kama kitanda cha kamba kilichokaliwa na mtu mnene. Ikajipinda, ikajinyoosha, ikatulia. Hakuna ubao uliopasuka. Walipofika Isiolo, Umuro aliwahesabu mafahali mara mbili, wote wamesimama kwa miguu yao.

"Fundi," alisema, "ile picha yangu, choma."

Miezi miwili baadaye, mtu aliyeitwa Ndungu, mwenye karakana kubwa ya bodi Nairobi, alikuja sokoni kununua ng'ombe. Alipoliona lori lile aliwasahau ng'ombe. Alijitupa chini yake na shati lake jeupe, akapima, akagonga, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hii imetoka nchi gani?" aliuliza. "Ujerumani? Nani ako na mchoro?"

Watu walimtazama Kithinji. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu, "yangu", na Nairobi nzima ingelijua jina lake. Kabale alikuwa mbali, akikagua mitamba, asingesikia.

"Mbao ni zangu," Kithinji akasema. "Akili ni ya mama yule."

Ndungu akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akasema mama huyo aitwe. Kabale aliitwa, akaja bila haraka, akaelezwa swali.

"Imetoka Korbesa," alisema. "Imetoka mgongo ya ngamia yangu."

Ndungu alimtazama, akalitazama lori, kisha akaketi mavumbini mbele yake na kutoa daftari na kalamu. "Mama, tafadhali, anza mwanzo," alisema. Kithinji hakuwa amewahi kujivunia kazi ya mikono yake kama alivyojivunia siku ile.

"Andika polepole," Kabale akasema. "Mimi sirudii."

Na soko zima lililozoea kumsifu Mzungu na Mjapani likasogea kusikiliza, kwa maana ukiona vyaelea, vimeundwa.