Kiboko na Mlango Usio na Kasoro

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa mlango?
Uwe na mwenyewe.
Na mwenyewe je?
Nani amuulize!

Hapo zamani, kabla ya semina na posho, Kiboko alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu. Wanyama wote waliweka humo mbegu zao kungoja mvua. Mlango wa ghala haukuwa na ufunguo. Kiboko akikohoa koh, koh, mlango wenyewe kwaaa. Very secure, alisema Kiboko, na akisema Kiboko utambishia wewe?

Siku moja Kindi akapita hapo na mafua yake. Akakohoa koh, koh. Mlango kwaaa. Akachungulia, akaona mbegu za mama yake, za Kobe, za kila mtu.

Angekuwa na akili angejaza mashavu akaenda zake. Lakini Kindi alikuwa amesoma, masikini, akafuata procedure. Hakumwambia mtu. Akaenda kwa Kiboko, akainama.

"Shikamoo mzee. Mlango wako unafunguka kwa kikohozi cha yeyote. Urekebishwe kabla wezi hawajajua."

"Marahaba. Tumepokea," akasema Kiboko, akalala.

Kindi akarudi, akaambiwa limepokelewa. Akarudi tena, akaambiwa liko kwenye mchakato. Mawingu yakakusanyika. Na kila akichungulia, malundo yamepungua. Akamwambia Kiboko kwamba basi atatangaza, kila mtu aje achukue chake kabla hakijaisha.

"Wewe mtoto," akasema Kiboko, "kama si mwizi, ulijuaje?"

Kindi akakamatwa, with immediate effect, kwa kukohoa bila kibali.

Sasa, sheria ya msitu ule ilisema hivi: shtaka lisomwe mahali pa kosa, mbele ya wote, neno kwa neno. Kiboko aliitunga mwenyewe, apate kuwaaibisha watu vizuri. Kindi akaomba jambo moja tu, shahidi wake awe Kobe, naye akalishwe karibu na mlango kwa kuwa masikio yake mazito. Kiboko akacheka mpaka akatokwa machozi, akakubali.

Siku ya kesi wanyama wakajaa pomoni. Kiboko akamwonya Kindi kwamba akitamka neno moja kuhusu mlango, atakanyagwa.

"Sisemi kitu, mzee. Ila sijui nimeshtakiwa nini."

"Msomeeni," akasema Kiboko.

Kasuku, karani wa baraza, akasoma kwa madaha: "Kindi anashtakiwa kwa kukohoa bila kibali, na kwa kudai kwamba mlango huu hufunguka mtu yeyote akikohoa mara mbili."

Nyuma kabisa Ngiri akafanya koh. Pundamilia akamalizia, koh. Mlango kwaaa.

Kobe akaingia wa kwanza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wengine wakafuata, kila mtu akabeba chake, yaani kilichobaki. Maana katikati ya malundo palikuwa na shimo la ukubwa wa tumbo la mtu wanayemfahamu, na nyayo zake zinakwenda na kurudi. Kumbe ndiyo maana mlango haukurekebishwa. Fundi angeingia ndani.

Jioni ile mvua ikapiga, watu wakapanda. Kiboko kwa aibu akajitosa mtoni, na mpaka leo hutoa pua tu. Siku hizi akikohoa, ni maji peke yake yanayomfungukia.

Kindi je? Aliomba kazi ya kulinda ghala jipya. Wakamnyima, eti anajua milango kupita kiasi. Akapewa mjomba wa Kiboko, ana uzoefu.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye bega na aibebe. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: ukiona mlango wa mkubwa una kasoro, funga mdomo. Wakubwa hawajui kutengeneza milango. Midomo, hiyo wanaijulia.