Kuku wa Heshima wa Bi Mgeni

"Kuku akila yai, muulize amlishaye." Mmenisikia nikimjibu jirani hivyo, na sasa mmenikodolea macho. Haya, acheni kusukumana, niwaambie neno hili lilivyozaliwa.

Katika kijiji kimoja cha Pemba, ukoo wa Bi Mgeni ulikuwa na ada yake. Mke mpya alipoingia nyumbani, mama mkwe alimkabidhi mtetea. Kuku huyo wa heshima hakuachwa azurure jaani na wenzake. Alifungiwa bandani na kulishwa wali mweupe. Akitotoa, ndoa imebarikiwa. Akichinjwa kabla ya hapo, bibi arusi hufunga mkoba wake akarudi kwao.

Sikudhani, mke wa Makame, mwana wa Bi Mgeni, alipewa mtetea mwekundu. Alimpenda kuku wake, na zaidi ya kuku alimpenda mumewe. Lakini kila alipokwenda kuchukua yai alikuta majimaji ya manjano tu, na kuku anajifuta mdomo kwenye majani. Wanawake kisimani wakaanza: "Kuku anakula mayai yake! Na mwenye kuku naye atawala wanawe." Maneno yakamfikia Bi Mgeni, naye akaingiwa na hofu.

Sikudhani aliogopa pia, tena sana. Ila alikuwa mtu wa kutaka kujua, na hofu haikumziba macho. Hivi kuku huanzaje kula yai? Hulitoboa kwa makusudi? Asubuhi moja akajibanza nyuma ya banda akachungulia. Kuku akataga, akasimama, ukucha ukaligusa yai, nalo likapasuka papo hapo. Kuku akageuza kichwa huku na huku kwa mshangao. Kisha akaonja, na mwonja asali haonji mara moja.

Sikudhani akaokota kipande cha ganda. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu.

"Kumbe huyu si mwizi," akajisemea. "Yai lenyewe halina nguvu. Lakini kwa nini?"

Alipoinua uso alimwona Bi Mgeni amesimama na kisu.

"Nisamehe, mwanangu. Imetosha."

"Mama, kabla hujamshika, nimfungulie mlango tu. Nataka kuona atakwenda wapi."

"Kuku atakwenda wapi? Atakwenda kwenye chakula."

"Basi tuone ni chakula gani."

Mlango ukafunguliwa. Kuku akaruka sahani ya wali, akaupita mpunga ulioanikwa bila hata kuutazama, akaenda mbio mpaka jaani, kwenye lundo la maganda ya chaza. Akadonoa vipande, akameza, akadonoa tena, kwa pupa ya mtu aliyefunga anapofuturu.

"Anakula mawe?" Bi Mgeni akauliza.

"Maganda, mama. Wenzake wanaozurura huyala kila siku, na mayai yao ni magumu. Huyu wetu tumempa wali mtupu. Atalivika nini yai lake?"

Bi Mgeni alikirudisha kisu jikoni.

Sikudhani akatwanga maganda kinuni, akayachanganya na pumba, akamwacha kuku atembee. Kiota akakihamishia gizani, nyuma ya gunia, na ndani yake akaweka jiwe jeupe la mviringo. Kuku alilidonoa na kulidonoa akidhani ni yai, hata akalikatia tamaa. Mayai yakaanza kuja magumu, yakabaki mazima, yakalaliwa.

Vifaranga walipotoka, wanawake wa kisimani wakaja kupongeza. Mmoja akauliza, "Bi Mgeni, kumbe kosa halikuwa la bibi arusi? Ni la kuku basi?"

Bi Mgeni alimvuta Sikudhani karibu, mbele ya wote.

"Kuku ana kosa gani? Mimi ndiye niliyemfungia, na wali nimempa mimi. Nikanoa kisu kwa njaa niliyoileta mwenyewe, na nusura nimfukuze mwanangu huyu." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Basi nawaambia, nanyi waambieni wajukuu zenu: kuku akila yai, muulize amlishaye."