Amana Iliyoitwa Sapiri

Inasimuliwa kwamba katika mji wa San'aa, zama za watu waliomcha Mola wao hata katika mambo madogo, alikuwako mjane mchaji akiitwa Bi Rudhaina. Jirani yake Yihya, sonara wa Kiyahudi, alipotaka kusafiri alimkabidhi kifuko cha ngozi, akamwambia, "Jirani, humu mna sapiri. Nikifa, mpe mwanangu." Bi Rudhaina hakuuliza sapiri ni kitu gani. Alikitia sandukuni asikifungue kamwe.

Yihya akafia safarini. Mwanawe Salim akaja kudai chake, na Bi Rudhaina akampa kifuko mbele ya majirani, akasema, "Baba yako aliniambia ni sapiri." Salim akafungua. Likatoka jiwe la buluu nzito, lisilopitisha nuru, lenye chembechembe za manjano.

"Hii ndiyo sapiri?" akafoka. "Sapiri ni yakuti samawi, inang'aa kama maji! Mama, umenibadilishia!"

Shauri likafika kwa kadhi. Loo, siku ile dunia ilikuwa nyembamba kwa Bi Rudhaina! Katika mji ule, mwenye kuhini amana alikuwa akitembezwa sokoni na kuzomewa, kisha hufungwa. Na Bi Rudhaina, hata apitapo sokoni, hakuwa akiinua macho kwa haya.

Mlangoni pa kadhi nduguye, Hamdani, akamvuta kando. "Dada, jina hilo ndilo linalokuponza. Sema ulikosea. Sema alikwambia ni jiwe tu, basi."

"Lakini alisema sapiri."

"Wewe nawe! Utafungwa kwa neno moja?"

"Na nifungwe, Hamdani. Nilikabidhiwa jiwe na jina lake. Siwezi kurudisha kimoja nikaficha kingine."

Akaingia. Kadhi akamuuliza, naye akajibu, "Alisema sapiri."

"Neno hilo ni la Kiebrania," akasema kadhi. "Nani atatufasiria?"

Hakuwako ila Mori Zekaria, mwalimu wa Mayahudi wa mji ule. Naye alikuwa ami yake Salim, aliyemlea tangu utotoni kila baba yake aliposafiri! Bi Rudhaina akamwona akiingia. Nani atamtupa mtoto wa nduguye kwa ajili ya jirani? Akabaki akimwomba Mola wake kimyakimya.

Mzee akalichukua jiwe, akalisogeza penye mwanga, akaligeuzageuza. Alikawia mno.

"Ami, waambie," akasema Salim.

Machozi yakamlenga mzee. "Mwanangu, laiti ungeniuliza kabla ya kumzulia mama wa watu! Masonara uliojifunza kazi kwao huita yakuti samawi sapiri, nawe ukashika hilo. Lakini mimi na baba yako tulisoma pamoja. Katika maandiko ya wazee wetu, sapiri ni jiwe hili la lajiwardi, la buluu, lenye vumbi kama la dhahabu ndani yake. Tazama chembe hizi. Na lau mama huyu angesema alipewa jiwe tu, mimi ningekuwa na ushahidi gani?"

Salim akaanguka miguuni pa Bi Rudhaina akilia. Bibi akamwinua, akamfunga vidole juu ya jiwe. "Chukua amana ya baba yako, mwanangu. Na jina lake usilisahau."

Basi enyi waumini, neno lile lile alilosihiwa alifiche ndilo lililomwokoa, naye alilisema pasipo kujua maana yake. Mola atujaalie ndimi zisizopunguza kitu katika tulichokabidhiwa, hata kama ni jina.