Jina Moja Tu, Longino

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi ambayo mpira ulikuwa ukitangazwa redioni, palikuwa na kijana Songea akiitwa Longino Mapunda. Alikuwa kiungo. Nanyi mnaijua kazi ya kiungo: anakimbia kuliko wote, anapokonya mpira, anampa mwenzake, mwenzake anafunga, mwenzake anabebwa juu juu. Longino alicheza misimu mitatu, mechi sitini na moja, na hakubebwa hata siku moja. Hakulalamika. Alipenda mpira kuliko kelele zake.

Msimu wa tatu akaumia goti. Kabla halijapona, ikaja mechi kubwa ya ugenini. Sasa mnayajua mambo yetu. Kamati ya ufundi, wale wazee ambao ufundi wao hauhusu mpira, ikasema geti kuu la uwanja limetegwa dawa. Timu isipite getini, iruke ukuta! Wachezaji wakaruka mmoja mmoja kama kuku waliofukuzwa jikoni. Longino alikuwa wa mwisho. Akaruka, akatua, goti likalia ko! Hata jezi hakuivaa. Miaka ishirini na miwili, na mpira ukawa umekwisha.

Akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, mtaa wa Lizaboni. Mwezi wa kwanza walikuja wengi. Mwezi wa pili, wachache. Mwezi wa nne waliobaki kumbishia hodi ni watatu tu: Mzee Kapinga wa kamati ya ufundi, aliyemletea magazeti ya michezo; dada Tasiana, muuguzi wa timu, aliyemkanda goti kwa maji ya moto; na Beda Haule, nahodha, aliyecheza naye drafti. Upweke ulimuuma kuliko goti, nalisema waziwazi. Siku asipokuja mtu, Longino aliongea na sufuria.

Timu ikashuka daraja. Wanachama wakawaka hasira, wakaitisha mkutano siku ya Jumapili. Wakampelekea Longino neno: "Utaje mtu mmoja aliyekumaliza. Huyo tutamfukuza, asikanyage tena klabuni. Usipotaja, tunawafukuza Kapinga, Tasiana na Beda, wote watatu waliohusika siku ile ya ukuta."

Alhamisi akaja Mzee Kapinga.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyesema mruke. Tahadhari kabla ya hatari, nilitaka kuwakinga. Lakini nani alikutoa kwenye kiwanja cha shule kule kijijini kwenu? Nani alikuombea namba kocha alipokukataa? Na wenzako wote waliruka, mbona hawakuvunjika?"

Ijumaa akaja dada Tasiana.

"Mdogo wangu, nilijua goti halijapona, nikaandika limepona. Lakini nani alinishika mikono akilia, 'Dada, nisipocheza mechi hii nitasahaulika'? Tena niliandika ucheze. Sikuandika uruke ukuta."

Jumamosi akaja Beda, akakaa kitako sakafuni.

"Ndugu yangu, nilisimama chini ya ukuta nikakwambia ruka, nitakudaka. Mashabiki wakaniita jina, nikageuka kuwapungia mkono. Kufumba na kufumbua, uko chini. Lakini mlinificha, wewe na Tasiana. Ningejua goti bado, ningekubeba mgongoni."

Beda alipoondoka, Longino akalia mpaka mto ukalowa.

Akawaza. Nikimtaja mzee, nimemfukuza aliyeniona wakati hakuna aliyeniona. Nikimtaja dada, nimemwadhibu kwa huruma yake. Nikimtaja Beda, ninamtaja rafiki niliyebaki naye. Nikijitaja mwenyewe, wote watasalimika, watanipigia makofi, na msimu ujao kuta zitarukwa vilevile. Kisha akawaza jambo ambalo hakutaka kuliwaza: hawa watatu, kinachowaleta chumbani kwangu ni hatia. Nikisema kosa ni langu, nimewatua mzigo. Naye mtu aliyetuliwa mzigo atakuja kwangu kufuata nini?

Jumapili ukumbi ukajaa pomoni. Longino akasimama kwa gongo lake. Mstari wa mbele walikaa Mzee Kapinga, na Tasiana, na Beda, wote wakimtazama, hakuna aliyepepesa macho.

Mwenyekiti akasema, "Taja, Mapunda. Jina moja tu."

Longino akafungua mdomo, akataja.

Nami sitawaambia alimtaja nani. Mmewasikia wote, na yeye mmemsikia. Msinijibu "kila mmoja ana lake," hilo hata mwenyekiti alilijua, na bado alitaka jina moja. Haya, kabla hamjainuka kwenda kulala na watu wenu: je, nani alistahili kutajwa?