Mkulima Aliyeanza na Bima

Mkulima mmoja wa tangawizi, jina lake Togolani, alikuwa na mama mzee aliyetamani jambo moja tu. Mama huyo, Nakijwa, aliyezaliwa mwaka 1932, alitaka kumwona dada yake Namsifu kabla mmoja wao hajaitwa. Walikuwa wameonana kwa mara ya mwisho siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, kwenye ubatizo wa kitukuu. Tangu hapo nyonga za Nakijwa zilizikataa ngazi za basi, na Namsifu naye akawa hawezi tena kutoka nyumbani kwake. Nakijwa aliishi Mamba na Namsifu Usangi, na katikati palikuwa na mlima wa kushuka na mlima wa kupanda.

Mwaka 2013 tangawizi ilipata bei njema. Togolani na ndugu yake Eliewaha, mtoto wa baba yake mdogo, walikuwa na mashamba yaliyopakana. Walivuna sawa, wakauza siku moja, wakaazimia wote wawili kununua magari yaliyokwisha kutumika, na wote wawili wakamwahidi Nakijwa kumfikisha kwa dada yake. Sasa, kijijini kwao mtu hanunui gari peke yake. Huenda na ujumbe: fundi wa kusikiliza injini, mzee wa kuliombea gari, na msemaji wa kubishana bei. Basi siku ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2013, saa tatu kamili asubuhi, ujumbe wa watu watano uliingia katika yadi moja ya magari mjini Moshi.

Kila mmoja akauliza lake. Mzee Sempeho, aliyekuja kuomba, aliuliza idadi ya viti, akizikumbuka moyoni harusi zote za mwaka ule. Fundi aliinamia injini. Kallaghe, aliyekuwa msemaji, alipiga honi za magari saba, moja baada ya jingine, hata mlinzi akamsihi apumzike. Togolani peke yake hakuuliza neno. Alitoka nje ya yadi, akavuka barabara, akaingia katika ofisi ya bima. Wenzake walidhani anatafuta choo.

"Dada," alimwambia karani wa bima, "sijanunua gari bado."

"Kaka yangu, watu huja hapa wakiwa na kadi ya gari mkononi."

"Ndiyo maana nimekuja bila kadi. Wakishakuwa nayo, wewe unaweza kuwasaidia nini tena?"

Yule dada alicheka, akavuta kiti karibu, akamweleza. Bima ndogo humlipa yule uliyemgonga. Bima kubwa hulipa na gari lako pia, na hukadiriwa kwa thamani ya gari lenyewe. Gari la bei ya juu hudai bima ya juu kila mwaka, tangawizi iuzike isiuzike. Kisha akamwandikia katika karatasi thamani ya gari ambalo mkulima wa mapato kama yake angeweza kulikatia bima kubwa hata katika mwaka mbaya. Togolani aliikunja karatasi ile, akarudi yadini, akayapita magari marefu bila kuyatazama, akasimama mbele ya gari dogo la kijivu lililokuwa pembeni kabisa. Rangi yake ilikuwa imefifia. Injini yake ilikuwa ndogo, na fundi alipoisikiliza alisema ni nzima.

"Togolani," alisema Kallaghe, "hili ukipiga chafya linahama kijiji."

"Basi nitapiga chafya nikiwa nimeelekea Usangi."

Eliewaha alichagua gari jeusi, refu, lenye viti saba na vioo vya giza. Bei yake ilimeza karibu mavuno yote, ikamwachia kiasi cha kukatia bima ndogo tu, ambayo sheria haimruhusu mtu kuingia barabarani bila kuwa nayo. Bima kubwa, alisema, itakuja mwakani. Mzee Sempeho aliyaombea magari yote mawili pale pale yadini, lakini lile jeusi aliliombea kwa muda mrefu zaidi. Na walipofika Mamba jioni, wanawake walilipigia vigelegele gari la Eliewaha na kulitandikia kanga juu ya boneti. Gari dogo lilifika nyuma yake, likiwa limejaa vumbi la lile la mbele, na hakuna aliyeliona likiegeshwa.

Nakijwa naye alichagua gari jeusi. "Nikienda kwa dada yangu baada ya karibu miaka tisa," alisema, "siwezi kufika kama kuku aliyebebwa kwenye tenga." Togolani hakununa. Alimwambia kwamba lolote litakalomfikisha ni jema.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti, Nakijwa alivaa kitenge chake kipya, akapanda juu ya kigoda, akasaidiwa kuingia katika gari la Eliewaha, akaketi. Eliewaha aliwasha injini, akatazama juu, akaona wingu limeulalia mlima Shengena. Alisema barabara itateleza, akazima. Jumamosi iliyofuata, tarehe 17, hapakuwa na wingu, ila greda lilikuwa halijapita, na mawe yalikuwa wazi. "Jiwe moja tu likigonga huku chini, mama mkubwa, mimi nimekwisha," alisema Eliewaha. Wala hakuwa akisema uongo. Mali yake yote ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yale manne, na bima aliyokuwa nayo isingemrudishia hata kioo kimoja.

Katika majuma hayo gari dogo lilikwenda Same mara nne. Lilichukua mbegu, likampeleka mwanamke mwenye uchungu hospitalini, likarudi na keki ya harusi juu ya magoti ya Kallaghe, ambaye tangu siku hiyo aliacha habari za chafya.

Jumamosi ya tatu, tarehe 24 Agosti, jua lilikuwa limewaka na greda lilikuwa limekwisha kupita. Nakijwa alipanda kigoda, akaketi, akafungiwa mkanda. Eliewaha alitafuta sababu juu angani, hakuiona. Akaitafuta chini, hakuiona. Basi akachukua kitambaa, akafuta kioo cha pembeni, akakifuta tena, akahamia kioo cha pili. Ilipotimu saa tano, mama yule mzee alishusha dirisha.

"Eliewaha mwanangu," alisema, "gari lako ni zuri, na kiti chake ni laini, lakini dada yangu hayupo hapa uani."

Akashuka kwa kigoda. Akakokota miguu hadi kwenye gari la kijivu, akaketi bila kushikwa, kwa kuwa kiti chake kilikuwa sawasawa na kimo cha nyonga zake. Wakaondoka.

Walishuka mlima wa kwanza salama. Wakapanda wa pili, na katika kona moja ya juu wakakutana na lori lililojaa ndizi, limechukua njia yote. Togolani aliminya gari lake kwenye ukuta wa mlima, lori likapita likiugonga mlango wa nyuma, nao ukabonyea kama sufuria iliyoangushwa. Nakijwa alishika mdomo. Mwanawe alishuka, akautazama mlango, akaandika namba ya lori, saa na tarehe, akarudi kwenye usukani.

"Umeumia, mama?"

"Mimi sijaumia. Gari je?"

"Gari lina bima kubwa. Tuendelee."

Namsifu alikuwa mlangoni kwake akichambua maharage. Aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu mtu aliyekuwa akiteremshwa, kisha akaweka ungo chini.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa ndani ya gari," Nakijwa alimjibu. "Jumamosi tatu."

Walipoelezana jambo lenyewe walicheka hata ikabidi washikwe wasianguke. Tangu siku hiyo walionana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mlango ulinyooshwa kwa bima kabla ya safari ya pili. Eliewaha alilifunika gari lake kwa turubai, akaliosha kila Ijumaa, na hatimaye akaliuza tarehe 14 Februari 2014. Mnunuzi alimsifu sana kwa jinsi gari lilivyokuwa halijatembea.

Wapendwa mnaosikia, gari ni kila tulichopewa ili kitufikishe kwa watu: elimu, cheo, nyumba, hata jina jema. Barabara ni maisha, na hakuna aliyeahidiwa barabara isiyo na lori. Bima ni ile sehemu ya nguvu zetu tunayoitenga mapema, kabla ya kushangiliwa, ili siku ya ajali tuweze kusema: tuendelee. Togolani aliuliza kwanza atakachoweza kukibeba siku ya kubonyea, ndipo akachagua. Eliewaha aliuliza kitakachompendeza siku ya vigelegele. Nanyi je: kile mlichokihangaikia na kukipata, mnaweza kukitoa nje kikakwaruzwe, au mmekifunika turubai?